Kabla hujamtuhumu mtu kwa picha ya kamera, tazama saa yake

 

Kwa majuma kadhaa sasa wasomaji wamekuwa wakiuliza juu ya kamera za ulinzi. Wapo wanaotaka kuzifunga majumbani, wapo viongozi wa misikiti na madrasa, na yupo baba mmoja aliyeuliza kwa nini kamera yake inaona vizuri mchana kisha usiku, wakati anapoihitaji, inakuwa kipofu. Maswali haya yamenikuta nikiwa na jambo la kusimulia, na jambo lenyewe ni aibu yetu sisi kamati ya msikiti hapa Busunzu. Nimepata ruhusa ya wenzangu kuliandika, na ruhusa ya kijana mhusika pamoja na baba yake, kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje.

Msikiti wetu ulifungiwa kamera nne. Mbili ziko ndani, moja inatazama mlango mkuu, na ya nne iko barazani, juu ya sanduku la sadaka, mbali na ofisi kilipowekwa kinasa. (Mafundi hukiita DVR. Mimi nitakiita kinasa.) Fundi alifunga, akatuonyesha picha nne zikiwa pamoja kwenye runinga ndogo, tukashukuru, tukamlipa, akaenda zake. Runinga tukaifungia kabatini ili watoto wa madrasa wasiichezee. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyelifungua kabati hilo.

Siku moja baada ya sala ya Alfajiri tulilikuta sanduku limevunjwa. Tukakimbilia kabatini. Kamera ya barazani haikuwa na chochote cha usiku ule, ni weusi mtupu. Lakini kamera ya mlango ilimwonyesha wazi kijana wetu mmoja, anayesaidia usafi na kuadhini mara mojamoja, akiingia peke yake, na juu ya picha pameandikwa 01:40. Mzee mmoja aliisoma kuwa ni saa moja na dakika arobaini, tukamfahamisha kuwa mashine huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo hiyo ni saa 7:40 usiku. Mtu anafanya nini msikitini saa hiyo, naye si siku za itikafu? Hatukuuliza zaidi. Baba yake akaitwa. Kabla ya Adhuhuri habari ilikuwa imekwisha kufika sokoni.

Aliyetuokoa ni mama mmoja, mlezi wa madrasa, ambaye nyumba yake iko karibu na msikiti. Alikuja ofisini akasema kijana huyu hufagia kila siku baada ya Isha, watu wakishatoka, na yeye humsikia. Tukamjibu kwamba tunazungumzia saa 7 usiku. Akaomba aonyeshwe usiku wa kabla yake. Tukarudisha nyuma: kijana akaingia saa 01:38. Usiku mwingine, 01:42. Mwingine, 01:40. Mama yule akatuuliza ni mwizi gani huyu anayeshika wakati kuliko kamati. Ndipo imamu akasema tutazame sala ya Ijumaa iliyopita. Tukaiona: waumini wamejaa, khatibu yuko juu ya mimbari, nje jua liko utosini na kivuli cha mlingoti kimejikunja chini yake, na saa ya kinasa inasema 18:20. Kwa mujibu wa mashine ile, watu wa Busunzu husali Ijumaa saa 12:20 jioni.

Kinasa kilikuwa mbele kwa saa tano kamili. Sababu yake ni nyepesi kiasi cha kuudhi. Vinasa vingi vinavyouzwa kwetu vimetengenezwa China, na hutoka kiwandani vikiwa vimewekewa majira ya huko, yaani GMT+8, ilhali sisi Afrika Mashariki tuko GMT+3. Fundi asipobadilisha, mashine itaendelea kuishi Beijing. Kijana wetu aliingia saa 2:40 usiku, baada ya Isha, akiwa na ufagio. Ufagio wenyewe ulikuwa unaonekana kwenye picha. Tuliokuwa tukitazama ni watu saba, na macho yetu yote yalikuwa kwenye tarakimu.

Kijana alikwisha kukaa siku nyingi bila kuja msikitini. Tulikwenda kwao kuomba radhi, na Ijumaa iliyofuata mwenyekiti alisimama baada ya sala akaeleza kosa letu mbele ya wote waliosikia uvumi. Aya ya 6 ya Suratul Hujuraat, inayotuamrisha kuhakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, sote tuliisoma tukiwa watoto. Nakiri kwamba sikuwahi kuiwazia mashine kuwa ni mleta habari.

Sasa nirudi kwa msomaji mwenye kamera. Leo hii, kabla ya kitu kingine, fungua kinasa chako, linganisha saa yake na saa ya simu yako, na tazama tarehe pia. Makosa ya saa tano huvuka usiku wa manane, kwa hiyo tukio la Jumatatu saa 2 usiku huandikwa Jumanne. Nenda kwenye mipangilio ya jumla, chagua GMT+3, na uzime kile kipengele cha majira ya joto, ambacho ni cha nchi za Ulaya na Marekani zinazosogeza saa mara mbili kwa mwaka. Ikiwa saa inarudi nyuma kila umeme unapokatika, na tarehe inaonyesha mwaka 2000 au mwingine wa zamani, basi betri ndogo iliyo ndani ya kinasa, ya duara kama sarafu, imekufa. Mara nyingi ni ile iitwayo CR2032, nayo hupatikana kwa mafundi saa. Kinasa kilichounganishwa na intaneti kinaweza kujirekebisha chenyewe. Kisicho na intaneti, kama chetu, kinahitaji mtu wa kukitazama kila wiki.

Saa ilipokaa sawa, likabaki fumbo la kamera ya barazani. Hapa ndipo namjibu yule baba aliyeuliza juu ya upofu wa usiku, maana ugonjwa wake na wetu naona ni mmoja.

Kamera hizi huona gizani kwa sababu zina taa ndogo ndogo kuizunguka lenzi, zinazotoa mwanga ambao jicho la mwanadamu halioni. Giza linapoingia taa huwaka, na kamera huanza kula umeme mwingi zaidi, pengine mara mbili ya mchana au kupita. Kamera yetu hupata umeme wa volti 12 kutoka ofisini, na waya uliokwenda barazani una urefu wa mita 60 hivi. Kila waya hupoteza umeme kidogo njiani, na upotevu huo hupimwa kwa kwenda na kurudi, kwa hiyo mita 60 huhesabiwa 120. Chukua waya mwembamba wa shaba wa milimita mraba 0.5: kwa mita 120 ukinzani wake unakaribia omu 4.3. Mchana kamera ikivuta ampea 0.2, kinachopotea hakifiki volti moja, na kamera inapata volti 11 na ushei. Usiku ikivuta ampea 0.5, zinapotea volti 2 na zaidi, inabaki chini ya 10. Kamera nyingi zimeandikwa kuvumilia asilimia 10 tu ya kupungua, yaani volti 10.8. Chini ya hapo inazimika. Ikizimika, taa nazo huzimika, mzigo unaondoka, volti zinapanda, kamera inawaka upya, taa zinawaka, volti zinaanguka. Inakesha hivyo mpaka Alfajiri, na hakuna inachonasa.

Waya wetu, kumbe, haukuwa hata wa shaba. Fundi mwingine tuliyemwita aliukwangua kwa kisu na ndani ukaonekana mweupe: ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba kwa juu. Waya wa namna hiyo huwa na ukinzani wa zaidi ya mara moja na nusu ya shaba yenyewe. Madukani huuzwa kwa bei nzuri, na mnunuzi asiyejua hufurahi. Ukienda kununua, omba kipande, kikwangue.

Dawa ziko tatu, na inategemea mfuko. Unaweza kubadili waya uwe mnene na wa shaba safi. Unaweza kusogeza adapta karibu na kamera, ukiwa na umeme wa kawaida hapo jirani. Au kama mnatumia kile kisanduku cha chuma kinacholisha kamera zote, kina skrubu ndogo ya kupandisha volti kidogo, ila hiyo aiguse fundi mwenye kipimo mkononi, kwa sababu kamera zilizo karibu zitapata umeme wa ziada. Sisi tulichukua njia ya pili, tukaiweka adapta kwenye kisanduku kilichofungwa barazani, karibu na waya wa taa. Tangu hapo kamera haijalala.

Na namna ya kuhakikisha ugonjwa uko wapi, kabla ya kununua kitu, ni hii: ichukue kamera inayosumbua, ifunge kwa waya mfupi karibu na kinasa. Ikifanya kazi, kamera ni nzima, tatizo ni waya au umeme. Kisha chukua kamera nzima uipeleke kwenye ule waya wenye mashaka. Ikifa, umepata jibu. Hamisha pia tundu la kinasa, kwa kuwa tundu moja huweza kufa peke yake. Nimeona watu wakinunua kamera mpya mbili mfululizo na kumbe kosa ni kile kichwa cha kuunganishia waya, kimeingia unyevu na kuota kutu ya kijani.

Picha ikiwa nyeupe kama ukungu usiku, usilaumu umeme. Futa kioo kwanza. Huku kwetu kiangazi huja na vumbi jekundu lisilo na huruma, na masika buibui hupenda kutanda mbele ya lenzi kwa sababu wadudu hufuata zile taa. Uzi mmoja wa buibui unatosha kurudisha mwanga wote kwenye lenzi, na kuifanya kamera itoe taarifa usiku kucha kwamba kuna mtu. Ikiwa kioo ni safi, tazama kama kamera imebanwa mno na ukuta au ukingo wa paa, maana mwanga hugonga hapo na kurudi. Isogeze kidogo mbele.

Kinasa kikilia mlio usiokoma, mara nyingi analalamika juu ya diski. Ama haionekani, ama imeharibika. Wapo pia waliogundua siku ya wizi kwamba kinasa kiliacha kunasa miezi miwili nyuma kwa sababu diski ilijaa na hakikuamriwa kufuta za zamani. Kipengele hicho kipo kwenye mipangilio ya diski, kiwashe.

Tukiwa kwenye diski, hapa pana hesabu ambayo muuzaji hatakufanyia. Kamera moja ya megapikseli 2, ikinasa mfululizo kwa mfumo wa zamani wa kubana picha uitwao H.264, huweza kutumia megabiti 4 kwa sekunde, nayo ni gigabaiti 43 kwa siku. Kwa mfumo mpya zaidi, H.265, hutumia karibu nusu yake, gigabaiti 21 au 22. Kamera nne kwa mfumo mpya ni gigabaiti 86 kwa siku, hivyo diski ya terabaiti 1 inakuhifadhia siku 11 hivi. Kwa mfumo wa zamani hazifiki siku 6. Ikiwa familia husafiri kwenda Kigoma mjini au Tabora kwa wiki mbili, mnaporudi tukio la siku ya kwanza limekwisha kufutwa. Chagua kinasa chenye H.265, na diski iliyotengenezwa kwa kazi ya kamera, mfano WD Purple au Seagate SkyHawk. Diski iliyochopolewa kwenye kompyuta ya zamani haikuumbwa kuandika usiku na mchana.

Je, ununue aina gani? Wasomaji wengi wanaouliza wanatazama zile kamera ndogo za kutumia simu, nyingine zimeumbwa kama balbu na huchomekwa kwenye tundu la taa. Sizidharau. Kwa chumba cha duka au kumtazama mzee mgonjwa mchana zinatosha. Lakini zile za balbu hufa mtu anapozima swichi ya taa, na katika nyumba ya Mwislamu mwenye kuchunga matumizi daima yupo wa kuzima taa. Tena picha zake hukaa ndani ya kadi iliyo kwenye kamera yenyewe, basi mwizi akiichukua kamera amechukua na ushahidi. Na kadi zenyewe nyingi ni za ulaghai: imeandikwa gigabaiti 128, ndani mna 8, ikijaa inaandika juu ya kilichoandikwa. Iko programu ya bure ya kompyuta iitwayo H2testw inayoweza kuipima kadi ikakwambia ukweli.

Kwa nyumba kubwa, msikiti au madrasa, chagua kati ya mifumo miwili. Wa kwanza ni wa waya mnene kama wa antena pamoja na DVR. Ni rahisi, mafundi wa Kibondo na Kasulu wanaujua, na ukiharibika vipuri vipo. Wa pili ni wa kamera za mtandao pamoja na kinasa chake, NVR, ambapo waya mmoja wa mtandao hupeleka umeme na kurudisha picha. Umeme wake husafirishwa kwa volti 48 hivi badala ya 12, na kwa sababu hiyo ule ugonjwa wa kamera yetu ya barazani ni nadra kuupata, mradi usivuke mita 100 na waya uwe wa shaba. Ni ghali zaidi mwanzoni. Kama ningeanza upya ningechukua huu wa pili kwa kamera ya barazani na ya kwanza kwa zilizo karibu, na vipo vinasa vinavyokubali vyote viwili.

Wapo watakaosikia habari za programu za bure kama ZoneMinder, zinazoigeuza kompyuta ya kawaida kuwa kinasa. Ni kazi nzuri, na kijana aliyesoma kompyuta atafurahia. Ila kompyuta ya mezani hula umeme mara kadhaa ya kinasa, na siku kijana huyo akienda chuo hakuna atakayejua kuiwasha.

Usidanganyike na neno megapikseli. Kamera ya megapikseli 2 yenye lenzi ya milimita 2.8 hutazama upana mkubwa, takriban nyuzi 105. Mtu akiwa mita 5 mbele yake, kamera inatazama upana wa mita 13, na doti 1,920 za picha zimegawanywa humo: hazifiki 150 kwa kila mita. Kwa kiwango kinachotumiwa na wataalamu wa Ulaya, hapo utamtambua mtu unayemfahamu, ambaye hata mwendo wake unaujua. Kumtambua mgeni kwa sura kunahitaji doti 250 kwa mita, na kamera hiyo hufikia hapo mtu akiwa mita 3 tu. Kwa hiyo kamera iliyopachikwa juu kabisa ya paa inayotazama uwanja wote itakupa picha ya kofia. Weka moja mlangoni, karibu na kimo cha uso, ambako kila aingiaye lazima apite.

Umeme wa huku kwetu kila mtu anaujua. Wakubwa wanakumbuka Kibondo ya majenereta ya dizeli, na hata baada ya gridi kukatika hakujaisha. Kinasa na kamera nne hutumia wati 40 hivi, basi kwa saa 12 za usiku ni wati-saa 480. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea 100 ina wati-saa 1,200, lakini usiitumie kupita nusu kama unataka ikae. Nusu yake ni 600. Betri moja nzuri na paneli ya kuijaza mchana vinatosha kukuvusha usiku mmoja, na wezi hupenda usiku wa giza. Masika pia kuna radi. Waya mrefu unaokwenda nje ni njia yake ya kuingilia, hivyo weka vizuia radi, na ikinguruma karibu chomoa kinasa ukutani.

Kamera za laini ya simu na sola zinawafaa wenye shamba la mbali. Ziweke zinase kwenye kadi na kutuma taarifa tu mtu anapopita. Ukikaa unazitazama moja kwa moja kwa megabiti 1 kwa sekunde, saa moja itakula megabaiti 450 za bando lako.

Sasa nywila. Kamera nyingi huja na jina admin na tarakimu rahisi, na wengi hawabadilishi. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka dunia ikijaribu majina hayo ya kiwandani, ikateka mamia ya maelfu ya kamera, ruta na vinasa, na tarehe 21 Oktoba vikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani hata tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa nyingi. Wenye kamera hawakujua lolote. Badilisha nywila siku ya kwanza, iandike karatasini, ikae kwa mhazini.

Liko na jambo la akaunti. Fundi akikufungia kamera ya kutazama kwa simu, mwambie aifungue kwa barua pepe yako. Akitumia ya kwake, kifaa kimesajiliwa kwake. Hutaweza kukiingiza kwenye simu yako mpaka yeye akiachie, na yeye ataendelea kuona sebule yako akiwa popote. Dada mmoja wa hapa kijijini aligundua hivyo alipobadili simu. Fundi alikuwa mtu mwema na akaachia siku hiyohiyo. Je, asingekuwa mwema?

Hili linanipeleka kwenye stara. Kamera ya nyumbani isitazame ua wa jirani, kwa sababu jirani ana wake na mabinti wanaokaa uani bila mitandio. Vinasa vingi vina uwezo wa kuziba sehemu ya picha kwa kivuli cheusi, utumie. Ndani ya nyumba isiwekwe chumbani wala inapoelekea bafu. Ikiwa kuna msaidizi wa kazi, aambiwe kamera iko wapi. Msikitini kwetu hakuna kamera upande wa akina mama wala mahali pa udhu, na kipaza sauti tumekizima. Kumlinda mtoto ni jambo moja, kumpeleleza mke ni jambo jingine, na aya ya 12 ya Sura ileile niliyoitaja imekwisha kulikataza hilo la pili.

Nchi nayo ina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais tarehe 3 Aprili 2024. Taasisi inayokusanya taarifa za watu, picha zikiwemo, inatakiwa kujisajili na kuwaeleza wahusika. Viongozi wa misikiti wasilipuuze. Na kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, mahakama hupokea ushahidi wa aina hii, ila hupima uaminifu wa namna ulivyotengenezwa na kutunzwa. Kinasa chenye saa ya Beijing kingetuletea maswali magumu.

Wapo Waislamu wenzetu walioonja upande wa pili wa kamera. Huko Birmingham, Uingereza, mwaka 2010 zilipachikwa kamera zaidi ya 200 katika mitaa yenye Waislamu wengi, ya Sparkbrook na Washwood Heath, nyingine zikiwa zimefichwa. Wakazi waliambiwa ni za kupambana na uhalifu, kumbe fedha zilitoka kwenye fungu la kupambana na ugaidi. Walilalamika kwa umoja, kamera zikafunikwa mifuko ya plastiki, na mwaka uliofuata zikang'olewa. Ndiyo sababu sisi tumebandika karatasi mlangoni inayosema kamera zipo, zinatazama wapi, picha hukaa siku ngapi, na ni watu watatu gani wa kamati wanaoruhusiwa kuzifungua. Hakuna anayefungua peke yake.

Aliyevunja sanduku hatujamjua mpaka leo. Sanduku tumelihamishia ndani, nalo hufunguliwa kila Ijumaa mbele ya watu watatu badala ya kungoja mwisho wa mwezi. Kijana wetu amerudi, anafagia kama zamani. Wiki iliyopita nilimkuta ofisini akilinganisha saa ya kinasa na ya adhana. Ilikuwa imetangulia dakika mbili, akairekebisha.

Wiki ijayo, inshaallah, tutajibu maswali ya akina mama juu ya simu za watoto wa shule.